Flashi iligoma jukwaani Mbeya, ndipo nikaona pesa ya muziki wetu inaenda wapi

Besi ya Nne (mleta uzi):

Habari za jioni wakuu. Uzi ni mrefu, asiye na muda aweke alama arudi baadaye.

Mimi ni mpiga besi hapa Mbeya, mwaka wa kumi na saba huu. Jumanne na Alhamisi jioni niko mazoezi ya kwaya, Jumapili ibadani, Ijumaa na Jumamosi ni harusi, kipaimara, hoteli, popote wanapotaka bendi. Natanguliza hilo ili mjue nazungumza kutoka wapi.

Mwaka jana mwezi wa sita promota mmoja alituita tusindikize shoo. Anayeijua Mbeya ya mwezi wa sita anajua baridi yake. Saa tatu usiku vidole vimekufa ganzi, nyuzi za gitaa zinajikaza na sauti inapanda yenyewe, kila wimbo ukiisha unaanza upya kutyuni. Tulikuwa sita. Malipo laki tatu kwa wote, nauli juu yetu. Spika za kujisikilizia tukaambiwa zitawashwa akipanda msanii mkubwa. Tukapiga nyimbo nne, tukaambiwa inatosha, tukajibanza pembeni na vyombo vyetu.

Msanii akapanda. Sitamtaja, na naomba msinibane nimtaje, kwa sababu hadi kisa hiki kinaisha nilikuwa namheshimu. Ni kijana mwenye ngoma mbili ambazo bodaboda wote wa Kabwe wanazo kwenye simu. Alikuja na flashi yenye nyimbo zake, dijei wake na vijana wanne wa kucheza. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, yeye anaruka huku na huku na kudakiza maneno juu ya sauti yake mwenyewe inayotoka kwenye spika. Wa tatu, katikati ya ubeti, spika zikalia kama mzinga wa nyuki, kisha kimya. Flashi imegoma.

Uwanja ule ukinyamaza unasikia hadi malori yanayopanda kwenda Tunduma. Mpiga kinanda wetu akanitazama. Nyaya zetu zilikuwa bado zimechomekwa. Nikamsogelea kijana nikamuuliza, "Mdogo wangu, wimbo wako uko kii gani?" Akajibu, "Ile ya kwenye biti." Nikamuuliza tena, akanijibu vilevile. Hakuwa na jeuri, alikuwa hajui. Wimbo wake mwenyewe, unaomlisha, hakuna aliyewahi kumwambia do yake iko wapi.

Kinanda akaitafuta kwa sikio, akaikuta F shapu maina. Tukaingia. Kijana akafungua mdomo, sauti ikakwama njiani, kwa sababu ile ya kwenye rekodi ilipandishwa na mashine. Nikamwonyesha kinanda vidole viwili chini, tukashuka hadi E maina, drams ikapunguza mwendo kidogo.

Hapo wakuu, yule kijana akaimba.

Aliimba vizuri. Ana mkwaruzo fulani wa sauti ya chini ambao kwenye rekodi haupo kabisa, umepigwa pasi ukaisha. Ubeti wa pili akaanza kuchelewesha maneno nyuma ya mdundo makusudi, akijua atayafikisha wapi, jambo ambalo hata mimi sijui namna ya kumfundisha mtu kwa mdomo. Waliokuwa wameanza kuzomea wakawa wanaimba naye. Ilidumu labda dakika mbili na nusu. Kisha dijei akapata flashi nyingine, akaachia biti juu yetu, kii nyingine na kasi nyingine, na kijana akaacha kuimba akarudi kuruka.

Baada ya shoo alitufuata nyuma tukiwa tunakunja nyaya. Aliniuliza, "Kaka, nyie mazoezi mnafanyia wapi?" Akasema mara ya mwisho kuimba na vyombo alikuwa mtoto, kwaya ya kwao, sauti ya pili. Tangu aanze kuitwa msanii hajawahi kuimba na mtu aliyeshika gitaa.

Swali lile halijanitoka hadi leo.

Kila tukigusa mada hii tunagawanyika. Kuna wazee wa "muziki ulikufa na bendi" na kuna vijana wa "acheni wivu, muziki ni biashara". Wote wanakubaliana kwenye jambo moja ambalo mimi nalikataa, kwamba zamani watu walipiga kwa mapenzi na sasa wanapiga kwa pesa. Pesa ilikuwepo. NUTA Jazz ilianzishwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na wanamuziki wake walikuwa waajiriwa. Bendi za watu binafsi ziliishi kwa viingilio vya mlangoni. Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979 kwa ajali ya gari huko Kenya, alikuwa akienda Nairobi kurekodi kwa sababu biashara ya sahani za santuri ilikuwa kule. Na sahani yenyewe iliamua wimbo uweje. Ile ndogo ina pande mbili, kila upande dakika chache tu. Wakakata wimbo vipande viwili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili chemko, magitaa yanaongea. Hiyo ni biashara kuanzia mwanzo hadi mwisho. Lakini tazama biashara ile ilimpa nani nafasi. Upande mzima wa sahani alipewa mpiga gitaa!

Mlango wa ukumbi nao ulifanya kazi hiyohiyo. Mtu amelipa kiingilio, anacheza kuanzia saa tatu hadi majogoo, na wewe jukwaani huna flashi. Ukipiga vibaya wiki hii, wiki ijayo anakwenda kwa wenzio. Shilingi ilikuwa inapita kwenye vidole vya mpigaji kwanza. Ndiyo maana walikuwa wanafanya mazoezi mchana siku za kazi kama watu wanaokwenda kiwandani.

Sasa chukua msanii chipukizi wa leo wa Mwanjelwa au Nzovwe mwenye milioni moja aliyoipata kwa kuuza viazi au kwa mjomba. Anazipeleka wapi? Biti, kurekodi, video, nguo za video, picha ya kava, mtu wa kusukuma wimbo YouTube, "asante" ya huku na kule ili wimbo upigwe, na akibakiwa na kitu anatafuta kiki ya kumfanya azungumziwe. Nimewahi kukaa na mmoja tukaandika bajeti yake kwenye daftari. Hakukuwa na mstari hata mmoja wa mwalimu wa sauti, wala wa mpiga gitaa, wala wa chumba cha mazoezi. Pesa yote ilikwenda kwenye kuonekana. Kijana yule hana uvivu, soko ndilo linalomlipa akionekana na halimlipi akijua kuimba.

Wimbo wenyewe umejipinda kufuata huko. Spotify wanahesabu wimbo umesikilizwa ukifika sekunde 30. Kwa hiyo utangulizi wa gitaa umekatwa, kiitikio kimesogezwa mbele kabisa, na kuna kipande cha sekunde kumi na tano kimeandaliwa kwa ajili ya TikTok kabla hata ubeti haujaandikwa. Autotune nayo ilitoka 1997 kama chombo cha kunyoosha noti iliyoteleza. Sina ugomvi nayo, hata mafundi hodari wanaitumia. Ugomvi wangu ni kwamba kijana anarekodi wimbo wa kwanza wa maisha yake akiwa tayari ameivaa, kwa hiyo hajawahi kuisikia sauti yake inapokosea. Atairekebishaje?

Mirabaha nayo bado haijamfikia mtu wa chini kwa kiasi cha kumlisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999, na Januari 2022 COSOTA, ofisi ya serikali ya hakimiliki, iligawa shilingi milioni 312 kwa wasanii zaidi ya 1,000. Gawanya mwenyewe, ni kama laki tatu kwa mtu. Ni mwanzo mzuri, ila huwezi kumwambia mtu alale akiota noti kwa ajili ya laki tatu.

Ndiyo maana nasema, kwa huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, shule ya muziki iliyobaki wazi ni kwaya. Wamoravian walifika Rungwe 1891 na tangu hapo watu wa huku wanaimba sauti nne. Dada anayeuza mchele wa Kyela sokoni atakuja mazoezini saa kumi na moja jioni, atasoma solfa, zile do re mi, ubaoni, ataimba alto bila kuburuzwa na soprano, na hakuna anayemlipa hata mia. Chuo cha sanaa cha TaSUBa kiko Bagamoyo, chuo cha muziki kingine kiko Zanzibar, Chuo Kikuu cha Makumira kiko Arusha. Kutoka Mbeya hadi Dar peke yake ni zaidi ya kilomita 800. Mtoto wa Uyole anafikaje huko? Anafika kwaya. Halafu akishajua, muziki wa nje ya kanisa unamchukua na kumwambia kile alichojifunza hakihitajiki.

Naomba kuwasilisha. Wenye hoja karibuni.

Kijana wa Kabwe:

Mkuu heshima yako, lakini hapa sikubaliani. Siku ile watu walilipa kumwona yeye, hawakulipa kuwaona nyie. Huo ndio ukweli, hata kama unauma. Rayvanny ni mtoto wa Mbeya, 2017 akachukua tuzo ya BET kule Marekani. Hakusubiri mtu amwambie do iko wapi. Halafu unasahau kwamba muziki uliotulea sisi vijana ni rap, na rap haina gitaa. Sugu alipokuwa anafungua njia miaka ya 1990 hakuwa na bendi nyuma yake, na watu wa Mbeya Mjini walimpenda hadi wakamfanya mbunge kuanzia 2010 hadi 2020. Ukisema muziki wa kweli ni wa kushika vyombo unatufuta wote.

Mimi naandika mistari mwaka wa tano. Sijui solfa. Lakini naweza kukaa na mistari minne wiki nzima.

Besi ya Nne:

Kijana wa Kabwe, umenikamata pazuri na nakubali. Nilivyoandika inaonekana kama nampima kila mtu kwa gitaa. Nirekebishe.

Anayekaa na mistari minne wiki nzima ni mwanamuziki kamili, huyo ni mwenzangu. Rap ina mazoezi yake: pumzi, vina, kujua uanguke wapi kwenye mdundo. Nami huwa nasikia repa aliyejifunza kwa kushindana mtaani, uso kwa uso, na yule aliyejifunza kwa kukatakata vipande studio. Wa kwanza flashi ikigoma anaendelea. Kuhusu Rayvanny, kwangu mimi yule ana sikio. Msikilize anavyopanga sauti za nyuma kwenye nyimbo zake, kisha uniambie kama hilo ni la kubahatisha.

Kuhusu watu kulipa kumwona yeye, ni kweli tupu. Nami nasema walipe, ajaze uwanja. Swali langu ni kwa nini aliyejaza uwanja hajawahi kupewa wiki mbili za mazoezi na bendi, wakati alilipiwa vijana wanne wa kucheza.

Studio Kihesa:

Kamwene wakuu. Niko Iringa, ni prodyuza, na mleta uzi amegusa kazi yangu kwa hiyo lazima nijibu.

Mteja wangu wa kawaida ni hivi. Anakuja saa nne asubuhi, ana elfu hamsini. Hajakaa, anachomoa simu, anachezesha wimbo wa msanii wa Dar unaovuma, anasema, "Nataka biti kama hii." Nikimwuliza wimbo wako unasemaje, anasema ataandika akisikia biti. Kwa elfu hamsini natakiwa kutengeneza biti, kumrekodi, kumiksi, kumasta, na jioni awe ameuweka WhatsApp. Umeme wangu, kompyuta yangu, kodi ya chumba yangu. Kuna mpiga gitaa la solo hapa Mshindo ambaye akipiga nywele zinasimama. Akija kwa nusu saa lazima nimpe elfu ishirini, na ni halali yake. Nabaki na nini?

Kwa hiyo nachukua sampo ya gitaa kutoka mtandaoni. Imepigwa na mtu nisiyemjua, labda Marekani, labda Nigeria, kila prodyuza duniani anayo hiyohiyo. Najua ninachofanya, na kinaniuma, kwa sababu nimekulia kwaya ya Kilutheri na najua noti ya mtu inavyopumua. Wala msiseme maprodyuza hatuna masikio.

Niwape kitu kimoja kilichotokea. Miaka miwili iliyopita alikuja binti mmoja kutoka Mafinga na pesa hiyohiyo ya elfu hamsini. Lakini wimbo wake ulikuwa umekamilika. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akauimba wote bila biti, anapiga kiganja pajani, beti tatu na kiitikio, na mwishoni kiitikio kinabadilika neno moja tu, maana yake yote inageuka. Nilizima kompyuta nikamwambia rudia. Nikampigia yule mpiga solo wa Mshindo, nikamlipa kutoka mfukoni kwangu. Tukarekodi siku tatu. Wimbo ule haujavuma popote hadi leo, na mimi ndio ninaowafungulia wageni wakitaka kujua kazi yangu.

Sasa mleta uzi, nikuulize. Huyo binti nimwambie nini? Ameniuliza mara mbili kwa nini wimbo haujaenda. Nimwambie atafute kiki?

Mzee wa Kiwira:

Ugonile wanangu. Nimesoma yote, macho yangu mabovu lakini nimemaliza.

Nilipiga tarumbeta kanisani tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Mwalimu wetu alikuwa anatembea kutoka kijiji cha pili, mvua hii ya Tukuyu mnayoijua, tarumbeta amelifunga kwenye gunia begani. Mwezi wa kwanza mzima hatukupiga wimbo. Tulipuliza noti moja. Moja! Anapita anaweka mkono tumboni mwako kuona pumzi inatoka wapi. Tukilalamika anasema noti hii ikinyooka nyingine zote zitakuja zenyewe. Leo nina miaka sabini na moja, mapafu yamechoka, lakini nikisikia kwaya redioni najua kama mwalimu wao aliwapulizisha noti moja au la.

Msidhani sisi hatukutaka pesa. Miaka ya sabini nilitoroka kanisani nikapiga kwenye bendi mjini Mbeya, tukalipwa bia na nauli, baba hakunisemesha mwaka mzima. Na ing'oma ya kwetu, wapigaji walikuwa wanapewa pombe na nyama, na mpigaji hodari aliitwa vijiji vya mbali na kurudi na kuku. Mpigaji kula kwa kazi yake ni jambo la siku nyingi. Ila kuku alikuwa anapewa aliyepiga.

Bwana wa Kihesa, huyo binti mwambie aje aimbe mbele ya watu. Harusini, msibani, sokoni, popote. Wimbo ukikaa kwenye simu tu unachacha.

Besi ya Nne:

Mzee wangu, ndaga fijo. Hiyo ya kuku nimeisoma mara tatu.

Studio Kihesa, nakiri sikujua hesabu ya upande wako iko hivyo, nami pia huwa nawalaumu maprodyuza. Kuhusu binti wa Mafinga siwezi kukudanganya kwamba wimbo mzuri utajisukuma wenyewe. Hautajisukuma. Nitakachosema ni kinachowezekana. Bendi yetu ina harusi mbili mwezi ujao Makambako, hapo ni karibu na kwao. Harusini kuna ule muda watu wanakula, saa nzima, sisi tunapiga nyimbo za taratibu ambazo hakuna anayezisikiliza. Mwambie aje aimbe tatu zake. Nitumie rekodi, tutafanya mazoezi nazo tukiwa huku, yeye aje siku moja kabla. Malipo ni sawasawa na yetu, fungu la mtu mmoja. Kii ya wimbo nitaisikia mwenyewe, ila muulize sauti yake inachoka ikifika wapi, tumshushie.

Studio Kihesa:

Nimempigia sasa hivi. Amekaa kimya kwanza, halafu akauliza kama anaweza kuja na mdogo wake anayemwitikia sauti ya pili. Nakutumia nyimbo usiku huu.

Kijana wa Kabwe:

Mkuu, mazoezi yenu yako wapi? Sina chombo. Nataka tu nisikie mistari yangu ikipita juu ya besi ya mtu, nione kama inasimama.

Besi ya Nne:

Tuko Ilomba, nyuma ya gereji, Jumatatu na Jumatano kuanzia saa kumi jioni. Nimekutumia ujumbe wa faragha wenye maelekezo. Njoo na mistari ile minne ya wiki nzima, tuanze na hiyo. Na vaa koti, chumba chetu hakina dirisha la kioo.